Wimbo kwa sauti iliyoshuka

Kundi letu la taarabu hapa Tanga lilikufa bila ugomvi, jambo la ajabu kwa wanamuziki. Mpiga kinanda alihamia Dar es Salaam, mpiga ngoma za bongo akabanwa na duka lake mtaa wa Ngamiani, nami nikabaki kufundisha vijana gitaa barazani. Miaka tisa spika zetu zilikuwa malalo ya paka.

Tulipokutana tena tulianza na nyimbo zetu za zamani, na hapo ndipo tulipokwama. Mwimbaji wetu, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, alisimama katikati ya ubeti wa pili.

"Mwanangu, huko juu sifiki tena. Niteremshie."

Kuteremsha si kazi nyepesi kama wasikilizaji wanavyodhani. Nyimbo zile nilizitunga katika ufunguo wa D, kwa sababu nyuzi za D na A hulia wazi bila kubanwa, na solo yangu yote iliegemea mlio huo. Bi Mkubwa alihitaji nusu sauti nne chini, yaani ufunguo wa B bapa (B flat). Hapo nyuzi zile mbili haziwi tena nguzo za wimbo; kila kitu ni kubana, na solo iliyokuwa ikiteleza ikawa inachechemea. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, haisaidii, maana kazi yake ni kupandisha. Nikajaribu kulegeza nyuzi zenyewe, zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Na hata baada ya tabu hiyo, sehemu za chini za wimbo zikawa zinamzamia Bi Mkubwa kooni.

Nikaacha. Nikamwomba aimbe chochote, hata bembelezi, nami nisikilize tu. Sauti imeshuka kweli, lakini chini imenenepa, ina mkwaruzo ambao zamani haikuwa nao. Nikaandika sauti sita anazozitawala bila kukaza shingo, nikatunga wimbo mpya ndani ya hizo sita tu, katika A, ili gitaa lipate nyuzi zake wazi za A na E.

Maneno niliyapata ufukweni, kwa mafundi wa majahazi:

Chombo kilolala pwani, si kwamba kimeshaoza
Pamba tieni nyufani, na sifa kuiongeza
Kitarudi baharini, upepo tanga kujaza

Mizani nane kwa nane, vina ni na za. Fumbo limekaa kwenye "sifa": fundi atasikia mafuta ya papa yanayopakwa chombo, na mwanamke aliyekaa mkekani atasikia jambo jingine kabisa. Mpiga besi alitaka nimfafanulie msikilizaji katika ubeti wa tatu. Nilikataa. Fumbo likifumbuliwa na mtunzi mwenyewe, akinamama watashangilia nini?

Kinanda je? Wiki mbili nilihangaika kutafuta mpigaji, kisha nikajionea haya. Unguja wana kundi lao la taarabu, Ikhwani Safaa, tangu 1905, na fidla zao na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Huku kwetu makundi ya Black Star na Lucky Star yalijenga jina la Tanga kwa magitaa, besi na bongo, kundi dogo, mdundo wa kuchezeka. Mimi natafuta kinanda cha nini? Nafasi yake nikampa mpiga tari, na kiitikio tukakiitikia sote, hata mimi ambaye sijui kuimba.

Mwaliko wa kwanza ulikuwa harusi katika mojawapo ya barabara za Ngamiani, kabla hatujawa na wimbo wa pili. Tukaupiga huo huo mara tatu. Mara ya kwanza watu walikula pilau yao. Mara ya pili walitutazama. Mara ya tatu, Bi Mkubwa alipofika kwenye "sifa", mama mmoja wa makamo akainuka polepole, noti ya elfu kumi mkononi, akazunguka uwanja mzima kabla ya kumtuza, na njiani akasimama kidogo mbele ya shoga yake mmoja.

Kesho yake mpiga bongo alifunga duka saa tisa, akaja mazoezini.