Alcántara: Jina la Ukoo Lililozaliwa Darajani

Msomaji wa Kiswahili anapokutana na jina la ukoo Alcántara, ambalo wapo wanaolibeba nchini Hispania na katika nchi za Amerika ya Kusini, huenda asijue kwamba nusu ya jina hilo tayari anayo katika lugha yake. Asili yake ni neno la Kiarabu al-qantara, yaani daraja, na kamusi za Kiswahili zimelihifadhi neno hilohilo katika umbo la kantara. Tofauti ni kwamba Wahispania walilipokea likiwa limegandana na al, neno dogo la Kiarabu linalotangulia nomino, kama walivyofanya kwa alcalde, azúcar na aceituna, ilhali sisi tulisema kadhi, sukari na zeituni.

Daraja lenyewe lipo hadi leo. Linavuka mto Tajo katika jimbo la Cáceres, karibu na mpaka wa Ureno. Lina matao sita ya mawe, na katikati yake limesimama lango la ushindi lililojengwa kwa heshima ya Kaisari Trajan. Warumi walilijenga mwanzoni mwa karne ya 2, na mjenzi wake, Gaius Julius Lacer, aliacha maandishi yasemayo kwamba daraja lake litadumu muda wote wa dunia. Matao yake yalivunjwa vitani zaidi ya mara moja na kujengwa tena. Waislamu walioingia Hispania mwaka 711 walilikuta likiwa na umri wa karne sita, na mji uliokuwa kando yake ukapata jina kutokana nalo.

Kutoka jina la mji hadi jina la ukoo, njia ni ileile tunayoijua huku kwetu: hakuna anayeitwa Mpemba akiwa Pemba, bali huitwa hivyo akishahamia Tanga au Mombasa. Vivyo hivyo, mtu aliyeuhama mji huo katika Zama za Kati alitambulishwa ugenini kama fulani de Alcántara, wa Alcántara, kisha watoto wake wakalirithi jina, na mara nyingi ile de ikadondoka.

Kwa sababu hiyo nasisitiza jambo ambalo wengi hukosea: jina la Kiarabu si ushahidi wa damu ya Kiarabu. Jina hili linataja mahali, na mahali hapo waliishi Waislamu, Wayahudi na Wakristo. Mashujaa wa Kikristo waliokabidhiwa mji huo mwaka 1218 walijiita Jeshi la Alcántara, ingawa kazi yao ilikuwa kupigana na Waislamu. Wengine walilipata jina hili kwa ubatizo, kwa kumuenzi Mtakatifu Pedro de Alcántara, mtawa wa Kifransisko aliyezaliwa mjini humo mwaka 1499. Hata makaisari wawili wa Brazili, Pedro wa Kwanza na mwanawe Pedro wa Pili, walibatizwa kwa jina lake.

Anayetaka kufuatilia ukoo wake na aanze na vitabu vya ubatizo vya parokia, pamoja na daftari za serikali ya Hispania zilizoanza mwaka 1871. Akumbuke pia kwamba Mhispania hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Zamani la baba ndilo lililotangulia, lakini tangu mwaka 2000 wazazi wanaweza kuamua lipi litangulie, kwa hiyo Alcántara inayoonekana mwanzoni huenda imetoka upande wa mama.