Shamba la mzee lilivyopungua nusu kwenye mashine ya fotokopi

Mzee aliingia ofisini kwangu Lindi akiwa na mpwa wake, karatasi ameikunja mara nne kwenye mfuko wa kanzu. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Kisha akasema kwa upole unaotisha kuliko ugomvi: "Mwanangu, ulikuja kunipimia shamba, ukalila nusu."

Ramani ilikuwa yangu kweli. Chini nimeandika skeli 1:2500, maana yake sentimita moja ya karatasi ni sentimita 2,500 za ardhini, yaani mita 25. Mpwa, aliye kidato cha tatu, aliweka rula akapata sentimita 5.7 kwa 4.5. Akazidisha kila upande kwa 25, akapata mita 142.5 kwa 112.5. Eneo likatoka mita za mraba 16,000 na kidogo, ekari nne kasoro. Mjomba wake anajua shamba ni ekari nane. Nilipitia hesabu ya kijana, sikuona kosa.

"Nina mikorosho mia mbili na ushee," mzee akasema, "nimeipanda kwa mkono wangu, mita kumi na mbili kwa kumi na mbili." Huo ushahidi ulitosha. Kwa nafasi hiyo kila mkorosho unakalia mita za mraba 144, kwa hiyo miti 220 inataka karibu mita za mraba 32,000. Kwenye shamba la mpwa isingeingia hata miti 115.

Nikaigeuza ile karatasi na jibu likawa mkononi mwangu: ilikuwa A4. Ramani zangu huwa natoa kwenye A3. Kijana alikwenda kutoa kopi karibu na stendi, mwenye mashine akaipunguza ili ienee.

Mashine inapotoa A3 kwenda A4 hupunguza kila mstari hadi asilimia 71 hivi. Upande uliokuwa sentimita 8 ukawa 5.7, na ule wa 6.4 ukawa 4.5. Lakini maandishi "1:2500" yalipungua ukubwa wa herufi tu, maana yake ikabaki palepale, na hapo ndipo yalipogeuka uongo. Skeli ya ile kopi ilikuwa imeshakuwa 1:3500 na zaidi kidogo.

Kijana akaniuliza swali zuri: kama mistari imepungua chini ya theluthi, eneo limepunguaje nusu? Nikampa A3 nyeupe, nikamwambia aikunje katikati. Akapata A4 kamili. Eneo lina pande mbili, na mashine imezipunguza zote mbili: 0.71 mara 0.71 ni kama 0.5. Mzingo ni urefu tu, kwa hiyo wenyewe ulishuka mara moja, kutoka mita 720 hadi 510 hivi. Mtu anayenunua waya wa uzio na mtu anayenunua miche wangedanganywa na karatasi hiyohiyo kwa viwango tofauti.

Pembe hazikuguswa. Kona ya nyuzi 90 ilibaki 90, na uwiano wa upande mrefu kwa mfupi ukabaki uleule. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka: maumbo yanayofanana hayana alama yoyote ya kukuonya kwamba ukubwa umebadilika. (Kosa jingine, na hili nimeliona hata kwa watu wazima wenye vyeti: kupima eneo kwenye ramani kwa sentimita za mraba, halafu kuzidisha kwa 25. Ni 25 mara 25, yaani 625.)

Ukifika kwenye ujazo, kizidishio kinafanya kazi mara tatu. Mfano uko hapa mkoani kwetu. Mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, imesimama Berlin, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mwaka 1962 Mmarekani Edwin Colbert alikadiria uzito wake kwa kupima ujazo wa sanamu ndogo kisha kuukuza. Akapata tani 78. Makadirio mengi ya baadaye hayafiki hata tani 40. Sanamu ikinenepa kidogo tu, unono huo unakuzwa pamoja nayo: kila kipimo kikizidi kwa sehemu moja ya kumi, ujazo unazidi kwa theluthi.

Kosa la shamba lilikuwa langu. Ningechora mstari wa skeli, wenye alama za mita 0, 50 na 100, mashine ingeupunguza pamoja na shamba na kijana angepima sawasawa. Sasa nauchora kwenye kila ramani, na pembeni naandika "kwa karatasi ya A3 tu".

Mzee alisikiliza yote kimya. Alipoinuka kuondoka akaikunja tena kopi yake, akasema, "Ningejua, na hela yako ningeipitisha kwenye mashine hiyo kwanza."