"Fair" si haki tu

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Mtwara hutafsiri neno la Kiingereza "fair" kuwa haki popote wanapolikuta. Si kosa, ila maana hiyo ilikuja baadaye. Kwa asili neno lilimaanisha -zuri, ndiyo maana katika mashairi ya enzi za Shakespeare "fair maid" ni msichana mrembo, si mpenda haki. "Fair wind" ni ule upepo anaoungojea nahodha wa jahazi Mikindani, unaomsukuma aendako. Kwenye ripoti ya shule "fair" ni wastani.

Fungua kamusi usome maana zote zenye namba, usiishie ya kwanza. Kisha tazama nomino inayofuata: ikiwa ni "hair", neno limegeuka tena, sasa ni nywele za rangi ya dhahabu.