Umeme wa upepo ukikosa pa kupita

Nikisema mimi ni mhandisi wa umeme wa upepo, swali la kwanza ni lilelile: upepo ukitulia mnafanyaje? Kwa Loiyangalani, kwenye mitambo yetu ya upepo kaskazini mwa Kenya, mimi naogopa kinyume chake, yaani upepo uvume halafu umeme ukose pa kupita.

Mashariki mwa Ziwa Turkana upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na kwenye upenyo huo huongeza kasi. Sisi mafundi tunaupenda kwa sababu moja: kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu iliyomo inakuwa mara 8. Hivyo hata mtambo mdogo wa kilowati 850, wenye mapanga ya kama mita 25, huzalisha umeme mwingi. Mapanga makubwa zaidi yangepitaje kwenye barabara ile ya kutoka Laisamis? Hata hii midogo ilibidi zaidi ya kilomita 200 zitengenezwe kwanza.

Mitambo yote 365, jumla ya megawati 310, ilikuwa imesimama mwaka 2017. Laini ya kupeleka umeme Suswa, kwenye kituo cha kuuingiza katika gridi (mtandao wa umeme wa taifa), zaidi ya kilomita 400, ilikuwa bado. Upepo ukavuma zaidi ya mwaka mzima bila kuwasha hata taa moja ya Nairobi, na kwa kuwa mkataba uliweka fidia ya ucheleweshaji, Mkenya akalipia umeme ambao hakuutumia. Hilo linaniuma mpaka leo. Laini iliwashwa Septemba 2018. (Suala la ardhi ya wafugaji, lililofika mahakamani Meru, ni zito na nitaliandikia peke yake.)

Sasa njia ipo, ila upepo wa kule huvuma zaidi usiku. Saa tisa usiku viwanda vingi vimefungwa, watu wamelala, na mvuke wa ardhini wa Olkaria nao unaendelea kuzalisha umeme. Msimamizi wa gridi inabidi apunguze kimojawapo, na kila anachopunguza kinapotea, maana hakuna pa kukiweka. Bei nafuu ya usiku kwa viwanda, iliyoanza Desemba 2017, ilikuwa hatua nzuri. Kwa maoni yangu, kabla ya kusimamisha mtambo mwingine wa upepo tujenge betri kubwa pale Suswa, umeme wa saa tisa usiku utumike saa moja jioni, wakati kila nyumba imewasha taa.