Je, wajua? Kwa nini akili hutoroka mara tu unapotulia kusali

Mtu ametawadha, ametandika mswala, ameelekea kibla. Al-Fatiha haijaisha, tayari yuko dukani kwake anapiga hesabu ya madeni. Mwingine amepiga magoti katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, hapa Dodoma mjini, rozari mkononi. Akifika kumi la pili anakumbuka kuwa ada ya mtoto haijakamilika, na vidole vinaendelea kusogeza punje bila yeye. Asubuhi ile ile mtu huyo alikuwa soko la Majengo akirudisha chenji bila kukosea hata shilingi. Kwa nini akili iliyotulia katikati ya kelele za soko inatoroka pale inapopewa ukimya?

Jibu ambalo wengi tumekua nalo ni kwamba huo ni upungufu wa imani, au siku hizi ni ubaya wa simu. Na dawa inayotolewa huwa moja: futa mawazo yote, kichwa kibaki kitupu, hapo ndipo utakuwa umesali au umetafakari kweli. Ushauri huu unatolewa kwa nia njema kabisa. Umewakatisha tamaa watu wengi wazuri, maana anayeujaribu kwa bidii ndiye anayeshindwa zaidi.

Sababu ya kushindwa huko imewahi kupimwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo huko Texas, Marekani. Wanafunzi waliambiwa waseme kwa sauti kila kinachowapitia akilini, ila wasimfikirie dubu mweupe. Na kila akiwajia, wagonge kengele. Kengele ziliendelea kulia. Baadaye walipoambiwa sasa wako huru kumfikiria dubu huyo, wale waliokuwa wamemkatalia kwanza walimfikiria mara nyingi kuliko wenzao walioruhusiwa kumfikiria tangu mwanzo. Wegner alieleza kwamba ili ujizuie kuwaza jambo fulani, lazima sehemu ya akili ibaki macho ikilitafuta, ijue kama limeingia. Basi aliyeweka nia ya kutowaza deni wakati wa sala amejiwekea mlinzi ambaye kazi yake ni kulitaja deni.

Kichwa kitupu chenyewe hakipo pia. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliopumzika, na ukiupa hesabu ngumu matumizi hayo hayapandi hata kwa asilimia 5. Muda wote uko kazini. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walieleza kwamba kuna sehemu za ubongo zinazopunguza kazi mtu anapopewa shughuli ya nje, na kuchangamka tena anapoachwa bila shughuli. Utafiti uliofuata umezihusisha sehemu hizo na kukumbuka yaliyopita, kupanga yajayo, kufikiria watu wengine na kujifikiria mwenyewe. Sokoni, chenji inazinyamazisha. Ukipiga magoti zinapata nafasi, nazo zinaanza na yale yaliyo karibu: ada, deni, neno ulilomjibu mkweo jana.

Lakini hata sokoni akili haijatulia kama tunavyodhani. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha mwaka 2010 majibu ya watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu, saa zisizotabirika: sasa hivi unafanya nini, na unawaza nini? Katika asilimia 46.9 ya majibu, mtu alikuwa akiwaza jambo jingine na si lile alilokuwa akilifanya. Wengi wao walikuwa Wamarekani wenye simu za bei, kwa hiyo kiwango hicho tusimbebeshe mkulima wa zabibu wa Hombolo bila kumuuliza. Linaloaminika zaidi ni jambo lenyewe, kwamba kutangatanga ni sehemu kubwa ya siku ya binadamu, awe kwenye sala au nje ya sala.

Sasa, kama akili itatoroka tu, anayetafakari anafanya kazi gani? Aliyewahi kuamia ndege anaijua kazi hiyo kwa mwili wake. Huku kwetu mvua zikielekea ukingoni na uwele ukianza kukomaa, kwelea kwelea hufika kwa makundi, na lazima mtu akae shambani tangu alfajiri. Hakuna anayetegemea kuondoa ndege angani. Kazi ya mwamiaji ni kuwaona mapema wanapotua kwenye masuke, kuwafukuza kwa kombeo au debe, kisha kurudi kwenye dungu lake na kutazama tena. Anayepiga kelele mfululizo hata pasipo na ndege anakaukiwa sauti kabla ya saa nne. Anayesinzia anashtuka pembe moja ya shamba imekwisha. Mwenye uzoefu hutulia, na kinachomtofautisha na mgeni ni muda unaopita kati ya ndege kutua na yeye kuona. Ndege waliotua mara ishirini wakafukuzwa mara ishirini hawakumshinda, kwa kuwa kila mara masuke yalibaki.

Jambo hilo limeonekana hata ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini. Mwaka 2012 Wendy Hasenkamp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory walichapisha utafiti wa watu 14 wenye mazoea ya kutafakari. Walitakiwa kufuatilia pumzi zao kwa dakika 20, na kubonyeza kitufe kila wanapogundua kwamba akili imeondoka. Picha zilionyesha hatua zinazofuatana: akili kutangatanga, kugundua, kurejea, kisha kukaa pale kwa muda. Wakati wa kutangatanga zilichangamka sehemu zile za Raichle. Pale mtu alipogundua ulichangamka mtandao mwingine, unaohusika na kutambua jambo linalohitaji kuangaliwa. Kurudi kulitumia sehemu za kuelekeza umakini. Watu 14 ni wachache, na walifuata pumzi. Hawakuwa kwenye swala wala rozari. Lakini napenda sana unachokionyesha utafiti huu: kugundua kwamba umepotea ni kazi kamili ya ubongo, na ndiyo inayorudiwa na kuzoezwa. Asiyetoroka kabisa hana cha kuzoeza.

Dini zetu zilijengwa na watu waliolijua hili mapema. Katika hadithi iliyomo kwenye Sahihi Bukhari, Mtume anaeleza jinsi Shetani anavyomjia mtu ndani ya swala akimwambia kumbuka hili, kumbuka lile, mpaka mtu hajui ameswali rakaa ngapi. Maelekezo yanayofuata ni kusujudu mara mbili, yaani sijda ya kusahau. Dawa imewekwa ndani ya swala yenyewe, kwa ajili ya waumini wa kawaida. Punje za tasbihi na za rozari nazo hushika hesabu, ili akili ikirudi ikute kidole kipo mahali pake. Na Teresa wa Avila, mtakatifu anayeheshimiwa kama mwalimu wa sala, aliandika waziwazi kwamba kwa miaka kadhaa, mara nyingi alikuwa akingojea tu saa ya kusali iishe.

Kuna zoezi jingine linalochanganywa na hili, nalo ni kujihesabu. Kwa Waislamu ni muhasaba, ulioandikiwa kwa kina na mwanachuoni al-Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra mwaka 781 na kufariki Baghdad mwaka 857. Kwa Wakatoliki ni kuchunguza dhamiri, zoezi ambalo Ignasi wa Loyola (1491–1556), mwanzilishi wa Wajesuiti, alilipangia utaratibu: chora mistari ya siku, weka nukta kila unaporudia kosa ulilokusudia kuliacha, linganisha leo na jana, wiki hii na iliyopita. Zoezi hili linataka ukumbuke, ujipime, uwafikirie uliowakosea. Kazi hizo zinahusishwa na sehemu zile zile zinazotutoa kwenye sala! Picha ya ubongo haisomi mawazo, kwa hiyo tusiseme zaidi ya hapo. Hata hivyo inaeleweka kwa nini wenye hekima walitenga saa mbili tofauti: saa ya kuhudhuria, na saa ya kukaa na yale yaliyokuwa yakikuita ulipokuwa unahudhuria.

Kwa mtu wa kawaida linafanyika hivi. Wakati wa sala, au ukiwa ndani ya daladala ya Mtumba, au unachambua mchele, ukigundua umeondoka, rudi bila kujigombeza. Usiku, kabla ya kulala, jiulize ulirudi kutoka wapi. Andika kwenye daftari: deni, mtoto, jina la mtu fulani. Jina likijirudia wiki nzima, limekwisha kuonyesha mahali pa kuanzia. Mpigie simu mwenyewe, au nenda kwake.

Angalizo moja ni la lazima. Wapo ambao ukimya unawazidishia hofu, au kila akili inapotoroka inaangukia kwenye majonzi yale yale hadi usingizi unakatika na chakula hakipiti. Huyo asiambiwe aongeze bidii ya kutafakari. Huenda ni sonona, nayo inatibika. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko hapa hapa Dodoma, na hata zahanati ya mtaani inaweza kumpa rufaa.