Kabla ya kununua springi, tafuta kinacholizuia gurudumu

Kijana mmoja aliniletea Suzuki Jimny yake hapa gerejini Changamwe, ya kizazi cha tatu, imejaa vumbi jekundu la Kinango. Alikuwa amekwama akienda shambani kwao. Gurudumu la mbele la kulia limepanda jiwe, la nyuma la kushoto limepanda tuta, na yale mawili mengine yananing'inia na kuzunguka bure. Fowili, yaani nguvu kwenda ekseli zote mbili, ameiweka, na gari halitoki.

"Fundi, nataka uinyanyue inchi mbili," akaniambia. "Springi na shokapu nimeshaziona mtandaoni, seti nzima."

"Ngoja kaka, tuipime kwanza."

Maneno hayo huwaambia karibu wote wanaokuja na ombi kama lake, na wengi huondoka bila kununua ile seti. Nayaandika hapa kwa sababu naumia nikiona mtu ametumia pesa nyingi kwa vyuma vilivyolifanya gari lake liwe gumu kuliko lilivyokuwa.

Tuanze na kilichomkwamisha. Difu, ile gia ya katikati ya ekseli, ikiwa ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli, na haiwezi kulipa moja zaidi ya kile mwenzake anachoweza kuhimili. Gurudumu lililo hewani halihimili kitu, kwa hiyo na lile lililokanyaga jiwe halipati kitu. Kufuli ya difu, inayoyalazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, inaondoa tatizo hilo, lakini bei yake si ya mchezo. Njia ya pili ni kuhakikisha gurudumu halifiki hewani tangu mwanzo: ekseli iweze kuinama, upande mmoja upande juu na mwingine ushuke, matairi yote manne yabaki yamekanyaga. Huo ndio mnyumbuko wa gari, na sehemu yake kubwa hupatikana kwa kufungua, kusafisha na kupunguza, kabla hujaongeza chochote.

Kunyanyua gari ni jambo jingine. Kunakupa nafasi chini ya chasisi, basi. Springi nyingi za kunyanyulia ni ngumu kwa makusudi, zimekusudiwa kubeba bampa la chuma, winchi na mizigo ya safari. Ukizitia kwenye gari tupu, zinakataa kubonyea. Tena ukinyanyua mwili wa gari ukabaki na shokapu zile zile, umeshaula mwendo ambao gurudumu lilikuwa nao wa kushuka: shokapu imesimama ikiwa nusu imefunguka, na ukifika kwenye shimo haina pa kwenda.

Kupima ninapima kwa ubao. Nimetengeneza ngazi ya mbao za mvinje, yenye mwinamo wa digrii 20, yaani kila mita 1 ya ubao inapanda sentimita 34. Gurudumu moja la mbele linapanda polepole mpaka mwenzake mmojawapo, aghalabu wa nyuma upande ule ule, aanze kuinuka kutoka chini. Hapo nasimamisha gari na kupima umbali ambao gurudumu limepanda kwa kufuata ubao, naugawa kwa urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kisha nazidisha kwa 1,000. Wapenzi wa magari ya porini duniani kote hutumia kipimo hiki, na uzuri wake ni kwamba gari fupi na gari refu hulinganishwa kwa haki. Jimny ina milimita 2,250 kati ya ekseli. Ya yule kijana ilipanda milimita 990, ikapata 440.

Usiye na ubao, tumia mtaro au tuta lolote imara, mradi urudi pale pale baada ya kazi. Muhimu ni kuwa na namba ya kabla na ya baada. Bila hiyo utaamini chochote, hasa ukishalipa.

Kisha tunatafuta kizuizi. Naegemeza jeki kwenye chasisi, nainua upande mmoja mpaka gurudumu lining'inie, naweka stendi imara, halafu naingia na tochi. Kila kitu kinachoshika ekseli kiko mbele ya macho yangu na mmoja kati yao amevutika kabla ya wenzake. Ni stabilaiza? Ni shokapu? Ni bushi, vile vipete vya raba au plastiki kwenye maungio? Ni mpira wa breki? (Huu wa mwisho nitaurudia, una kisa chake.) Ukimpata wa kwanza kuvutika, umempata wa kushughulikia. Ukishughulikia mwingine yeyote, pesa imekwenda bure, kwa kuwa yule wa kwanza bado amelishika gurudumu.

Mara nyingi wa kwanza ni stabilaiza. Hicho ni chuma cha mviringo kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona. Kazi yake ni kupinga hasa kile tunachokitaka: upande mmoja kupanda na mwingine kushuka. Lami inakihitaji sana, mawe hayakihitaji hata kidogo. Jimny hii inacho mbele, Land Cruiser ya mfululizo wa 80 inacho mbele na nyuma. Tiba yake ni kubadilisha bolti za linki, vile vijiti vinavyokishika kwenye ncha zake, kwa pini zenye klipu, zichomoke kwa mkono. Ukifika mwisho wa lami unachomoa pande zote mbili, unakiinua chuma na kukifunga vizuri kwa mkanda kisiguse tairi wala ekseli. Pini zinachongwa na fundi wa mashine ya lathi, lakini sisitiza chuma kigumu na tundu lisilocheza.

Wapo wanaokitoa wakakitupa kabisa. Silikubali hilo kwa gari linalopita barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Fikiria Land Cruiser ndefu, keria juu yenye mitungi na hema, lori linakujia upande wako pale Mariakani, unakata usukani ghafla. Chuma hicho ndicho kingelizuia gari lisilale. Kwa hiyo kinachomolewa porini na kurudishwa kabla ya lami, kila safari. Aliye mvivu wa kukirudisha simwekei pini, na humwambia hivyo usoni.

Kwa magari yenye springi za lifu, yaani vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, sisi wa pwani tuna adui wetu: chumvi. Gari linaloishi Nyali au Likoni hupata kutu katikati ya lifu mpaka vyuma vinashikana kana kwamba vimechomelewa. Springi inatakiwa ijipinde kwa lifu kuteleza moja juu ya nyingine. Zikishikana, una nondo moja nene. Nimewahi kupokea pikapu ambayo mwenyewe alikuwa tayari kununua springi mpya nyuma, na ugonjwa wake ulikuwa kutu tu.

Kazi hii ni ya siku nzima na gharama yake kubwa ni jasho. Chasisi ikae juu ya stendi, ekseli ibebwe na jeki yake. Toa yubolti, yaani bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, shusha springi. Kabla ya kugusa bolti ya katikati, bana lifu zote kwa klampu mbili nzito, moja kila upande wa bolti hiyo. Springi iliyofungwa ina nguvu ya kuvunja mkono, na bolti ikitoka bila klampu lifu zinaruka. Legeza klampu taratibu, kwa zamu. Sugua kila lifu kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe laini, kagua nyufa hasa karibu na tundu la katikati, kisha chukua grainda uviringishe kidogo ncha za kila lifu, maana ncha kali huchimba handaki kwenye lifu iliyo juu yake na kujikwamisha humo. Paka grisi ya grafaiti, safu nyembamba, kwa kuwa grisi nyingi inakusanya mchanga. Rudisha kwa bolti mpya ya katikati na yubolti mpya. Yubolti iliyokwisha kukazwa imeshavutika, usiirudishe.

Ukiwa umezifungua, jiulize unabeba nini. Lifu nene ya chini kabisa mara nyingi imewekwa kwa ajili ya mzigo mzito. Pikapu isiyobeba tena magunia ya mahindi haiihitaji, na ukiitoa utaona tofauti siku hiyo hiyo. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Ila ukumbuke kwamba uwezo wa kubeba umeshuka, na umwambie kila atakayeendesha gari hilo. Zile bangili zinazozikumbatia lifu pembeni, za nyuma unaweza kuzilegeza ili lifu kuu ishuke zaidi. Za mbele ziache, kwa sababu ndizo zinazosaidia springi isijipinde vibaya unapokanyaga moto.

Shokapu nazo. Ukiwa chini ya gari na gurudumu linaning'inia, tazama springi ya koili. Kama bado imebanwa na huku shokapu imefunguka hadi mwisho, basi shokapu ndiyo iliyolishika gurudumu, na ndefu zaidi itakufaa. Kama koili imeshalegea kwenye kikalio chake, shokapu ndefu haitakupa kitu ila koili itakayoruka nje. Lakini usiende dukani na urefu wa kufunguka peke yake. Shokapu ndefu ikifunguka ni ndefu pia ikifungwa. Toa koili, pandisha ekseli kwa jeki mpaka ule mpira wa kugotea ubonyee kabisa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya vishikio viwili vya shokapu. Shokapu iliyofungwa iwe fupi kuliko nafasi hiyo kwa angalau sentimita 2. Ikigota yenyewe kabla ya mpira, itavunja kishikio au itajipasua ndani. Na tafadhali, usiweke shokapu kuukuu kwa sababu tu urefu wake umekubali.

Sasa bushi, mahali ambapo watu wengi wenye nia njema hupotea. Kuna bushi za rangi, nyekundu, buluu, njano, za plastiki ngumu, na wauzaji huzisifu kuwa hazifi. Ni kweli zinadumu. Lakini Jimny, Land Rover Defender ya zamani na Land Cruiser 80 zote zina ekseli ya mbele inayoshikwa na mikono miwili mirefu, na kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili. Ekseli ikiinama, mikono hiyo inataka kupindana, na kitu pekee kinachoiruhusu ni ulaini wa bushi. Weka bushi ngumu hapo, na umejenga stabilaiza ya pili usiyoweza kuichomoa. Kwa mikono hii mimi naweka raba ya kiwandani. Ikifa baada ya miaka, tutaweka nyingine.

Kuna jambo dogo hapa ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea. Bolti za bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito wote chini. Raba haizunguki juu ya bolti, inajisokota. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, umeifunga raba katika hali ya kushuka; gari likitua, tayari imesokotwa, na itapasuka mapema. Jimny ya yule kijana ilikuwa hivyo hivyo. Tulilegeza bolti zote nane, tukalitikisa gari, tukakaza upya. Haikumgharimu hata shilingi ya spea.

Sasa ule mpira wa breki. Miaka mingi iliyopita nilimwekea mzee mmoja shokapu ndefu kwenye Land Rover yake, nikajivunia jinsi gurudumu lilivyoshuka. Sikutazama mpira wa breki. Alipokuwa akishuka korongo upande wa Kwale, gurudumu likashuka mpaka chini, mpira ukavutika ukachomoka kwenye kiungo chake, na pedali ikazama. Alisimamisha gari kwa kuligeuzia ukingoni. Aliporudi hakunikaripia, alinionyesha tu ule mpira uliochomoka. Tangu siku ile gari halitoki kwangu mpaka nimening'iniza kila gurudumu na kukata usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, mkono wangu ukiwa juu ya mpira. Lazima ubaki na ulegevu wa kuonekana. Vivyo hivyo nyaya za kihisio cha breki, bomba la kupumulia la difu, na kiungo cha kuteleza cha propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, kisichomoke. Mpira mrefu zaidi unatengenezwa, na hapo usitafute wa bei ya chini.

Jimny tuliirudisha kwenye ubao ikiwa na pini za stabilaiza zimechomolewa, bushi zimetulia, na springi na shokapu zile zile ilizokuja nazo. Ilipanda milimita 1,170 kabla gurudumu la nyuma halijainuka. Hiyo ni 520. Kijana alipima mara mbili kwa mkono wake, kisha akaniuliza zile pini anazihifadhi wapi akiwa porini. Nikamwonyesha: kwenye mnyororo wa ufunguo wa gari, ili asiweze kuliwasha kurudi nyumbani bila kuzishika mkononi.