Kisu au mionzi: unachochagua hasa ukiwa na saratani ya tezi dume

Wazee wengi hufika kliniki wakiwa wameshaamua. Mmoja anataka kisu kwa sababu jirani yake wa Temeke "alifanyiwa tezi dume" na sasa anadunda. Mwingine hataki kusikia habari ya kisu, ameambiwa mionzi haiumi. Mimi ni daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo, lakini simvuti mtu upande wangu.

Tuanze na huyo jirani. Mara nyingi hakuwa na saratani. Tezi yake ilikuwa imekua tu kwa umri, ikakwanguliwa kupitia njia ya mkojo ili mkojo upite. Upasuaji wa saratani ni kazi nyingine kabisa: tezi yote inatolewa pamoja na vifuko vya manii, halafu kibofu kinaungwa upya na mrija wa mkojo. Yaliyompata jirani hayakuhusu.

Tena nazungumzia saratani ambayo bado imo ndani ya tezi. Ikishafika kwenye mifupa, tiba kuu ni ya kushusha homoni. Na kinyama kilichotolewa kwenye tezi na kupimwa kikionyesha saratani ya pole, yaani Gleason 6 kwenye kipimo cha ukali wa saratani, huenda kwa sasa ukahitaji kufuatiliwa tu.

Uingereza walifanya utafiti uitwao ProtecT. Wanaume 1,643 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakafuatiliwa, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa mionzi. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hii walikuwa kama 3 katika kila 100, na makundi hayakupishana sana. Karibu wote walikuwa wazungu waliogundulika mapema, ilhali wazee wetu wengi huchelewa, kwa hiyo simwahidi mtu namba hizo. Ila kwa saratani ya mapema zinanitosha kusema kwamba kisu hakiishindi mionzi kwa kuokoa maisha, wala mionzi haikishindi kisu.

Kinachotofautiana ni madhara utakayoishi nayo. Katika utafiti huohuo, miezi 6 baada ya upasuaji, asilimia 46 walikuwa wakivaa pedi kwa kuvuja mkojo. Kwa mionzi ilikuwa asilimia 5. Mwaka wa 6 ilikuwa asilimia 17 kwa kisu na 4 kwa mionzi. Nguvu za kiume hupungua kwa njia zote mbili, ila kisu hukata zaidi na kwa ghafla. Mionzi nayo husumbua utumbo: haja ya haraka, wakati mwingine damu kwenye choo.

Mzee mmoja muuza vitambaa Kariakoo aliniuliza, "Dokta, nikinyanyua jora, mkojo utatoka?" Miezi ya mwanzo, ndiyo. Kunyanyua, kukohoa na kucheka ndiko hasa kunakouvujisha, na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia wengi. Akauliza pia habari ya udhu. Nikamwambia mwenye udhuru wa kutokwa mkojo ana hukumu yake, akamwone sheikh wake kabla ya kuamua, kwa sababu jambo linalomgusa mara tano kwa siku si dogo.

Mionzi inataka muda. Siku hizi inaweza kutolewa kwa awamu 20, siku tano kwa wiki, na kila mara uingie na kibofu kilichojaa ili utumbo usogee pembeni. Fikiria mzee anayetoka Mbagala kwa daladala kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, au aliyetoka Lindi na hana ndugu wa kumpokea mwezi mzima. Na wengi hawaambiwi mapema kwamba mionzi mara nyingi huenda na sindano za kushusha homoni, miezi 6 au hata miaka 2 na zaidi, zenye joto la ghafla mwilini na hamu ya tendo kutoweka.

Ukiwa tayari unakojoa kwa kujikamua, au umewekewa mpira, nitakushauri kisu ukifikirie kwa uzito, maana mionzi inaweza kuivimbisha tezi na kuziba njia zaidi. Mwenye moyo dhaifu, au umri uliosogea sana, mionzi humfaa kuliko usingizi wa chumba cha upasuaji.

Mpangilio wa tiba, ipi ianze, nao una uzito, hasa kwa kijana wa miaka 55. Baada ya kisu PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, inatakiwa kushuka hadi isipimike. Ikipanda, mionzi bado ipo. Kuipasua tezi iliyokwishapigwa mionzi ni kazi ngumu, nyama zimeshikana na kuvuja mkojo huwa kwingi.

Kwa hiyo msiamue mkiwa mmemwona daktari mmoja. Ombeni rufaa mwonane na wa upasuaji na wa mionzi pia. Njoo na mama watoto, karatasi ya kinyama, PSA zote ulizowahi kupima, na dawa za presha au sukari unazomeza. Sema kweli unaamka mara ngapi usiku kukojoa na kama tendo la ndoa bado lipo. Saratani iliyo ndani ya tezi kwa kawaida inakupa wiki kadhaa za kufanya haya yote. Hulazimiki kusaini fomu ya upasuaji siku ileile uliyopokea majibu.